Mada ya Tasnifu Haipatikani Kitandani

Kila mwaka, wiki chache kabla ya siku ya mwisho ya kupeleka mapendekezo ya utafiti, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa historia ya sanaa. Naomba unisaidie mada." Wengine huambatisha orodha: mada kumi na moja, tisa zimekatwa kwa mstari, mbili zimewekewa alama ya kuuliza. Mmoja aliniandikia saa tisa usiku kwamba hajalala siku tatu, maana wenzake wote wameshapitishwa isipokuwa yeye. Nilipomuuliza hao wenzake ni wangapi, wakawa wawili.

Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na jibu langu fupi ni hili: acha kutafuta mada, tafuta kitu. Tafuta mlango, kanga, kinyago, picha ya ukutani au jengo ambalo unaweza kulifikia kwa nauli yako mwenyewe na kulirudia mara tatu. Mada itatoka humo. Maelezo marefu ndiyo haya yanayofuata.

Kwa nini kichwa kinagoma

Mwanafunzi wa uhasibu huletewa hesabu za kampuni, akaambiwa azikague. Wewe unaambiwa uchague chochote, kuanzia michoro ya miambani ya Kondoa hadi picha iliyokauka rangi jana asubuhi. Kichwa chako hakigomi kwa uvivu. Kimezidiwa na wingi, kama mtu aliyeingia Kariakoo bila kujua alichofuata.

Dawa ya wingi ni mipaka. Nauli, saa za kufunguliwa makumbusho, kibali, lugha unazosoma, bumu la mkopo lililobaki: mambo unayoyaona kuwa vikwazo ndiyo yatakayokuchagulia mada. Usiyakimbie. Yaandike kwenye karatasi kabla ya kuandika kichwa cha habari chochote.

Hatua ya 1: Orodhesha vitu, usiorodheshe mada

Chukua karatasi. Andika vitu kumi ambavyo umeshaviona kwa macho yako au unaweza kuviona ndani ya wiki mbili. Usiandike "utamaduni", "utambulisho" wala "utandawazi". Hayo si vitu. Kama umekwama, anzia ulipo:

- Dar es Salaam: banda la wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay, wachongaji wa Mwenge, Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho.
- Zanzibar: milango ya Mji Mkongwe, nyaraka zilizohifadhiwa Kilimani, picha za studio za zamani kama zile za Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930.
- Kusini mwa Tanzania: misikiti ya Kilwa Kisiwani na magofu ya Husuni Kubwa, pamoja na uchongaji wa Kimakonde.
- Kondoa: michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.
- Kenya: nakshi za lipu na mbao Lamu, magofu ya Gedi, michoro ya ukutani ya Elimo Njau katika kanisa la Murang'a, na kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi, alichoshiriki kukianzisha mwaka 1965.
- Kampala: kazi zilizotoka katika shule ya sanaa ya Makerere, ambayo chimbuko lake ni darasa la Margaret Trowell la miaka ya 1930.
- Ughaibuni: makusanyo yaliyotoka kwetu. Anayesoma Ujerumani, kwa mfano, asihangaikie nauli ya Mtwara kabla hajauliza makumbusho ya Leipzig, maana mtafiti Karl Weule alizunguka maeneo ya Lindi na nyanda za Wamakonde mwaka 1906 na kurudi na shehena ya vitu vya makumbusho.

Usisahau nyumbani. Sanduku la kanga la bibi, kiti cha enzi kilichowekwa barazani, picha ya harusi ya mwaka 1974 yenye mandhari ya kuchorwa nyuma ya maharusi: vyote hivyo ni historia ya sanaa, na havina kiingilio.

Sasa kata. Futa kila kitu ambacho huwezi kukifikia mara tatu. Mara ya kwanza utashangaa, mara ya pili utaona, mara ya tatu ndipo utakapogundua kwamba mara ya pili ulikosea. Asiyeweza kufika mara tatu hataipata hiyo mara ya tatu, na mara nyingi tasnifu imejificha humo.

Hatua ya 2: Kaa mbele ya kitu dakika arobaini

Chagua vitu vitatu vilivyobaki. Nenda na daftari, penseli na futi ya kupimia. Simu iweke mfukoni nusu saa ya kwanza, kwa sababu ukipiga picha haraka utaamini umeshaona. Andika:

1. Kimetengenezwa kwa malighafi gani, na kiungo kimoja kimeshikanaje na kingine?
2. Kina ukubwa gani? Pima, usikadirie.
3. Wapi kimechakaa, kimetengenezwa upya, kimepakwa rangi juu ya rangi?
4. Kina maandishi, saini, tarehe, alama ya kiwanda?
5. Nani anakimiliki, nani anakisafisha, nani anapita bila kukitazama?
6. Kitu gani hapa hukukitarajia?

Swali la sita ndilo la thamani. Chukua mlango wa Mji Mkongwe. Una fremu, kizingiti cha juu, mbao mbili na mfaa katikati. Ya zamani kwa kawaida ina kizingiti kilichonyooka; yenye upinde juu mara nyingi ni ya mwisho wa karne ya 19 na huhusishwa na ladha na mafundi wa Kihindi. Hayo utayakuta vitabuni. Lakini ukikaa dakika arobaini huenda ukaona kwamba nakshi ya fremu ni nzito na ya mfaa ni nyepesi, kana kwamba mikono ni miwili. Au utaona kwamba kizingiti kimekatwa pembeni ili kiingie kwenye ukuta ambao hakikuchongewa. Hapo una swali: mlango huu umehamishwa kutoka wapi, na nani alipata heshima gani kwa kuuweka hapa?

Onyo kuhusu tarehe. Ukikuta mwaka wa Hijria kwenye kizingiti, usijumlishe 622 ukaondoka. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa takriban siku 11. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, zama za Sultani Barghash. Ukijumlisha 622 utapata 1922, wakati Zanzibar imeshakaa chini ya Waingereza zaidi ya miaka thelathini. Hesabu moja ya kujumlisha inaweza kukuhamishia mlango kwenye utawala mwingine. Na hata ukiusoma mwaka sawasawa, huo ni mwaka wa mlango. Nyumba inaweza kuwa na umri mwingine kabisa.

Hatua ya 3: Shuka ngazi mpaka miguu iguse chini

Wanafunzi wengi husimama ngazi ya pili wakidhani wamefika. Tazama mfano wa Tingatinga:

- *Ngazi ya 1:* Sanaa ya Afrika. (Haiandikiki.)
- *Ngazi ya 2:* Uchoraji nchini Tanzania. (Hii ni kazi ya uzeeni.)
- *Ngazi ya 3:* Mtindo wa Tingatinga. (Bado ni kitabu kizima.)
- *Ngazi ya 4:* Mtindo wa Tingatinga baada ya mwaka 1972.
- *Ngazi ya 5:* Kuhama kutoka ubao kwenda kitambaa kulibadilishaje mpangilio wa picha za wachoraji wa ushirika wa Tingatinga?

Ngazi ya tano imetokana na vitu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akauawa kwa risasi mwaka 1972. Ni miaka minne tu. Alitumia mbao laini za dari na rangi za kung'aa za baiskeli, na picha zake nyingi ni mraba wa takriban futi mbili kwa mbili. Mwenye futi mkononi atajiuliza: kwa nini mraba? Ubao wa futi nne kwa nane hukatika vipande vinane vya namna hiyo bila kubakiza hata chembe. Je, umbo la picha liliamuliwa na fundi au na ukubwa wa bidhaa dukani? Na siku hizi, picha nyingi zinapochorwa kwenye kitambaa ambacho mgeni anakikunja akatia kwenye begi, yule mnyama mmoja aliyejaza mraba amepatwa na nini?

Sikupi mada hiyo uichukue. Nakuonyesha kwamba ilipatikana kwa kupima ubao. Wewe pima chako.

Kanuni ya kujua umefika chini: mada yako ina kitu, mahali, kipindi na swali linaloweza kujibiwa "hapana". Kama hakuna ushahidi unaoweza kukukatalia, hilo bado ni wazo, halijawa swali.

Hatua ya 4: Ipime kwa maswali sita

Kabla hujaipenda mno, iweke kwenye mizani:

1. Kitu kipo? Kipo leo, au kilikuwepo mwaka jana? Piga simu, nenda, hakikisha.
2. Naruhusiwa? Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI. Tanzania Bara, vibali vya utafiti viko chini ya COSTECH. Anza kwa kuuliza chuoni kwako barua gani watakupa. Zanzibar ina utaratibu wake, na kibali cha Bara usidhani kinavuka maji. Makumbusho na maeneo ya kale nayo yana ruhusa zake, hasa za kupiga picha. Anza mapema. Karatasi hutembea polepole kuliko wewe.
3. Naisoma lugha yake? Nyaraka za utawala wa Wajerumani zimeandikwa Kijerumani, nyingine kwa mwandiko wa zamani unaowatoa jasho hata Wajerumani wenyewe. Barua za zamani za pwani zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kama huzisomi na huna wa kukusomea, chagua jambo jingine, au tenga miezi ya kujifunza.
4. Kuna watu wa kuongea nao? Fundi, mnunuzi, mwenye nyumba, mtunza makumbusho. Wazee hawangojei kalenda ya chuo.
5. Kuna maandiko ya kunishika mkono? Yakiwa mengi mno, utazama. Yakikosekana kabisa, utatembea gizani. Vitabu viwili vitatu vya msingi na makala chache zinatosha.
6. Fedha inatosha? Jumlisha nauli ya safari tatu, kiingilio, malazi, chapa na kubaindi kule stesheneri. Ongeza ya dharura. Bumu likishindwa, mada imeshindwa.

Mada ikipata "ndiyo" tano, ishike. Ikipata nne, tafuta namna ya kurekebisha lililokosekana. Tatu au pungufu, mwachie mwenye muda na ufadhili.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

- Kuanza na "Athari za…" Athari za Uislamu, athari za utalii, athari za ukoloni. Kichwa cha namna hii hukuahidi jibu kabla ya kuangalia. Ukibanwa, badilisha "athari za utalii kwenye uchongaji wa Kimakonde" iwe: mchongaji wa Mwenge huamua vipi kinyago kipi akipake kiwi na kipi asikipake?
- Kuandika wasifu wa msanii maarufu. "Maisha na kazi za…" huzaa kurasa mia za alizaliwa, akasoma, akafariki. Chukua kazi mbili zake, ulizana nazo.
- Kujenga nyumba juu ya picha ya simu. Picha ya mchoraji Sam Ntiro ya mwaka 1956 imo katika makumbusho ya MoMA, New York. Itaje, ilinganishe, lakini usiifanye nguzo ya tasnifu kama utaiona kwenye kioo cha simu tu. Kioo hakikuonyeshi ukubwa, kinadanganya rangi, na nyuma ya turubai hakifiki.
- Kuamini saini. Kazi zikipanda bei, saini za kughushi huzaliwa. Ukichagua msanii mwenye jina sokoni, jiulize mapema utathibitishaje kwamba kazi ni yake.
- Kutegemea kitu kimoja bila mbadala. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 huko Zanzibar, iliporomoka. Hakuna ratiba ya utafiti iliyokuwa na mstari wa kuporomoka. Kila kitu chako kiwe na ndugu yake anayeweza kushika nafasi yake.
- Kudhuru unachokichunguza. Usinyunyizie michoro ya miambani maji ili rangi ikolee kwenye picha. Usikwangue mlango kutafuta rangi ya chini. Tasnifu inaisha baada ya mwaka, jeraha halifutiki.
- Kuchagua kwa kumfurahisha msimamizi. Yeye atakusoma mara chache. Wewe utalala na kuamka nayo.

Kosa la mwisho ni langu mwenyewe, nalitoa sadaka. Nilipokuwa mwanafunzi nilichagua albamu moja ya picha za familia katika mji wa pwani. Mwenye nyumba aliniambia kwa simu, "Njoo tu, mwanangu, albamu ipo." Niliandika pendekezo, likapita, nikasafiri. Nilipofika nikakuta ndugu wengine watatu barazani, na suala la mirathi halijaisha. Mmoja alisema albamu ni ya marehemu mama, mwingine akasema ni ya kaka mkubwa, wa tatu akauliza nitailipia kiasi gani. Nilinyweshwa chai, nikapewa mkate wa mofa, albamu sikuiona. Nilipoteza miezi minne. Tangu siku hiyo nina kanuni: ruhusa ya mmoja si ruhusa ya nyumba. Uliza nani mwingine ana neno juu ya kitu hicho, umwamkie naye kabla hujaandika sentensi ya kwanza.

Najua mtakachosema

*"Mwalimu, kila kitu kimeshaandikwa."*
Hakijaandikwa. Zachary Kingdon aliandika kitabu juu ya vinyago vya mashetani vya Wamakonde mwaka 2002. Prita Meier akaandika juu ya miji ya bandari ya Waswahili mwaka 2016. Vitabu hivyo havikufungi mlango. Vinakupa pa kukanyaga. Visome ukitafuta sentensi moja ambayo mwandishi ameipita haraka, kisha simama hapo.

*"Mada yangu ni ndogo mno, watanicheka."*
Hebu tuchukue kanga. Ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina. Kanga za ukumbusho na za kampeni huweka uso wa kiongozi kwenye mji. Sasa mvaaji anaifungaje ili uso wa mheshimiwa usikae mahali pa aibu? Na mchoraji wa kiwandani alilijua hilo alipopanga picha? Swali hilo utalicheka, kisha utagundua limebeba siasa, mwili, heshima, soko na usanifu kwa pamoja, na ushahidi wake umekunjwa sandukuni kwa shangazi. Mada ndogo yenye kina haichekwi siku ya kudifendi. Inayochekwa ni kubwa isiyo na tako.

*"Msimamizi wangu amenipa mada nisiyoipenda."*
Usibishane kwa hisia, bishana kwa kitu. Ingia ndani ya mada yake ukatafute kona yenye kitu unachokipenda. Akikupa "usanifu wa Kiislamu wa pwani", wewe mletee mihrabu mbili ulizozipima. Wengi hulegea wakiona vipimo.

*"Mimi si mchoraji, nitaelewaje mbinu?"*
Kaa na fundi siku mbili. Shika patasi, ukosee. Mtu aliyewahi kupasua ubao kwa bahati mbaya huandika juu ya uchongaji kwa adabu zaidi.

*"Nimeshaanza, na sasa naichukia. Nibadili?"*
Jiulize unachukia nini. Kama unachukia kuandika, mada mpya haitakusaidia. Utaichukia nayo wiki ya sita. Kama kitu hakifikiki au swali limejibiwa tayari, badili upesi, ila badili swali kabla ya kubadili kitu. Mara nyingi kitu kile kile kina swali jingine.

Kwenda kwa msimamizi

Usimwandikie "naomba mada". Mwandikie namna hii:

"Shikamoo Daktari. Nimepata vitu viwili ninavyoweza kuvifanyia utafiti, na kila kimoja nimekitembelea. Naomba nafasi ya dakika ishirini nikuonyeshe maelezo na picha, unishauri nishike kipi. Nipo Jumanne na Alhamisi."

Nenda na ukurasa mmoja kwa kila kitu. Ukurasa uwe na:

- jina la kitu, mahali kilipo, vipimo na picha moja;
- jambo moja ulilolikuta usilotarajia;
- swali lako kwa sentensi moja;
- vyanzo vinne au vitano ulivyovishika mkononi;
- kibali kinachohitajika na umefikia wapi;
- kitu mbadala endapo cha kwanza kitakwama.

Peleka viwili, usipeleke vitano. Ukipeleka vitano atajua hujachagua, atakurudisha. Ukipeleka kimoja na akakikataa, utarudi hosteli mikono mitupu. Akikuuliza swali usilolijua, sema "sijaliangalia, nitarudi kuliangalia", kisha urudi kweli.

Ratiba ya siku kumi na nne

- Siku ya 1: Andika mipaka yako: fedha, muda, lugha, safari.
- Siku ya 2: Orodhesha vitu kumi, ufute usivyoweza kuvirudia.
- Siku ya 3 hadi 5: Tembelea vitatu, dakika arobaini kila kimoja. Anza kuulizia vibali.
- Siku ya 6: Pumzika. Kweli, pumzika. Fua, piga simu nyumbani.
- Siku ya 7 na 8: Maktaba. Soma juu ya vitu viwili vilivyokuganda akilini.
- Siku ya 9: Vitembelee tena. Andika ulichokosea mara ya kwanza.
- Siku ya 10: Shuka ngazi, andika swali moja kwa kila kitu.
- Siku ya 11: Pima kwa maswali sita.
- Siku ya 12: Andika kurasa zako mbili.
- Siku ya 13: Msimamizi.
- Siku ya 14: Rudi kwenye kitu mara ya tatu.

Siku zikikupita kwa ugonjwa au mvua, sogeza ratiba, usiruke siku ya 9 wala ya 14.

Kuhusu usingizi na kundi la WhatsApp

Zima arifa za kundi la darasa kwa wiki hizo mbili. "Mimi nimepitishwa" ya mwenzako haikuambii kwamba msimamizi wake amemrudishia pendekezo mara tatu. Usichague mada baada ya saa nne usiku. Usiku kila kitu ni kikubwa. Na kama umefikia hali ya kutokula, kutolala kwa siku mfululizo, au kuona heri usingekuwepo, weka tasnifu pembeni na uende leo kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, au kituo cha afya, au kwa mtu mzima unayemwamini. Tarehe za chuo huombewa nyongeza. Uhai hauombewi.

Jaribio la mwisho

Siku ya 14, unaporudi kwenye kitu chako, usiende na daftari tu. Mtafute mtu anayekimiliki au anayekitengeneza, umwamkie, kisha mwambie swali lako kwa Kiswahili cha kawaida, bila neno hata moja la darasani. "Mzee, mimi naona mlango huu haukuchongewa nyumba hii. Naona umeletwa."

Akisema "ndiyo, ndiyo" huku akiangalia saa, swali lako bado ni baridi, lirudishe jikoni. Lakini akisogeza kiti, akaita mtu wa ndani atoke asikie, akakwambia hujui kitu, kwamba mlango ni wa hapa hapa ila ukuta ndio uliobomolewa mwaka fulani, na fulani anajua, na huyo fulani bado yuko hai, hapo toa kalamu. Amekubishia. Umepata mada.